Heshima si utumwa: adabu ya dojo inaanzia juu

Ndugu zangu walimu, wazazi, nanyi vijana mliokuja na mikanda yenu, ahsanteni kwa kufika. Wanaonifahamu wanajua nitakalosema, maana nimelisema kila nilipopewa kipaza sauti, na sitaliacha. Adabu ya dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, ya judo haikuwekwa ili mwanafunzi amwogope mwalimu. Iliwekwa ili watu wawili waweze kurushana, kukabana shingo na kukunjana viwiko, kisha wote wawili warudi makwao wazima. Na mwenye mzigo mkubwa zaidi wa adabu hiyo ni mwenye mkanda mweusi, si mtoto aliyeanza juzi.

Sitaeleza judo ni nini, mnaijua. Nianze na jambo dogo: kugonga. Mwenzako amekukaba kwa ukosi wa gi, vazi la judo, lako mwenyewe. Kichwa kinaanza kuwa chepesi, masikio yanavuma. Unampiga vibao viwili begani, na kama mikono imebanwa unagonga tatami, mkeka wa mazoezi, kwa mguu, au unasema “maitta”, nimeshindwa. Anaachia papo hapo. Hasubiri mwalimu aseme, wala hamalizii kidogo ili umtambue yeye ni nani. Akichelewa sekunde chache tu, umezimia. Kijana wa miaka 15 anamkabidhi mwenzake shingo yake kwa imani kwamba vibao viwili vitasikika! Kule kuinamiana kabla ya kushikana ndiyo mapatano yenyewe: nakukopesha mwili wangu, nirudishie mzima. Kwa hiyo nikimwona mtu anainama huku anatazama pembeni, anatikisa kichwa tu ili yaishe, namsimamisha. Hajapatana na mtu huyo, na mimi sitamwachia amshike shingo.

Sasa niwape kisa changu, na waliokwisha kukisikia wanivumilie. Kano Jigoro, mwasisi wa judo, alianzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882, akiwa na miaka 21, ndani ya hekalu la Eishoji jijini Tokyo. Alikuwa na mikeka 12, na mwaka ule wa kwanza wanafunzi 9. Sakafu ya hekalu haikujengwa kwa ajili ya watu kubwagwa, mbao zikawa zinavunjika, na Kano mwenyewe akiingia chini ya sakafu na taa kuzitengeneza. Mwalimu huyo! Leo kuna walimu ninaowajua ambao hawajashika ufagio tangu wapate dani ya kwanza, yaani daraja la kwanza la mkanda mweusi.

Kano naye alikuwa na mwalimu wake, Iikubo Tsunetoshi, bingwa wa jujutsu, sanaa ya kale ya mapigano ya Kijapani, ya mtindo wa Kito. Mzee huyu alikuwa akija hekaluni kusaidia kuwafundisha vijana wa Kano. Hebu litazameni hilo kwanza kabla sijaendelea: mtu anayekaribia miaka 50, mwenye jina lake, anakwenda kwenye darasa la mwanafunzi wake mwenyewe. Haya. Walipofanya randori, yaani mazoezi huru ya kushindana, Iikubo alikuwa anamrusha Kano kila mara. Kurusha ndiyo ilikuwa kazi yake. Kisha ikaja siku mambo yakageuka. Iikubo anaingia, Kano hatikisiki. Kano anaingia, mzee chini. Wanashikana tena, mzee chini tena. Iikubo akamuuliza imekuwaje. Kano akamweleza kwamba amekuwa akichunguza namna ya kumyumbisha mtu kwanza, kumtoa kwenye mizani yake, ndipo amrushe. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Akasema ni kweli, na kwamba yeye sasa hana la kumfundisha zaidi, Kano aendelee kuichunguza njia hiyo pamoja na vijana. Alimpa hati ya ualimu wa mtindo ule, na vitabu na maandishi yake akamkabidhi.

Nauliza, mwenye adabu pale alikuwa nani? Kila mtu hunijibu Kano, kwa kuwa hakujigamba. Sawa, Kano alikuwa na adabu. Lakini mimi namtazama mzee. Ameangushwa mbele ya watu na kijana aliyemfundisha yeye, naye hakutafuta kisingizio, hakumwambia leo mgongo unaniuma, hakumpeleka kwa mkanda mweusi mwingine “amtengeneze”. Aliuliza swali, kama mwanafunzi. Na Kano hakumsahau: alipokuwa mtu mzima mwenye jina duniani aliendelea kumtaja kwa shukrani. Heshima ya namna hiyo hailazimishwi na mtu, hata kwa fimbo.

Najua yupo anayesema moyoni, “Mwalimu, ukiwaambia watoto haya watakupanda kichwani.” Hapana. Hawapandi. Mtoto anayeniona nikiinama vilevile mbele yake kama ninavyoinama mbele ya mgeni mwenye dani ya sita hanipandi kichwani. Anayempanda mwalimu kichwani ni yule aliyedhalilishwa akawa anaingoja siku yake. Waswahili wameshasema heshima si utumwa, lakini nimeingia dojo moja, sitaitaja, watoto wa miaka tisa wanaosha gari la sensei, mwalimu wao, saa ya mazoezi, na baba zao wamekaa wanachekelea kwamba “wanafunzwa nidhamu”. Kusafisha tatami ni adabu, maana sote tunalala juu yake. Gari la sensei halilaliwi na mtu!

Na msidhani balaa hili ni letu tu, kwamba kule kwenyewe Japani mambo ni shwari. Desemba 2012 wanawake 15 wa timu ya taifa ya judo ya Japani waliishtakia Kamati ya Olimpiki ya nchi yao kwamba makocha wanawapiga. Makofi, fimbo ya mianzi, matusi. Mapema mwaka 2013 kocha mkuu akaondoka. Hawa ni watu wanaoinama vizuri kuliko sisi sote humu ukumbini, mgongo umenyooka, kila kitu mahali pake. Na bado. Wataalamu wa huko wamehesabu zaidi ya wanafunzi 100 waliokufa katika judo ya shule tangu mwaka 1983, wengi wao kwa majeraha ya kichwa. Mkubwa akimrusha asiyejua kuanguka, tena na tena, kwa jina la kumkomaza, hapo adabu imekwishakufa kabla ya mtoto. Kano aliwaachia neno jita kyoei, mimi na mwenzangu tufaidike pamoja. Limeandikwa ukutani katika dojo nyingi sana. Someni ukuta wenu!

Swali la dini, maana nikiliruka nitaulizwa mlangoni. Kuinama kwa judo si rukuu wala sijda. Ukisimama, unainama kiasi cha nyuzi 30 tu. Ukiwa umepiga magoti, goti la kushoto limetangulia kushuka, viganja vinakaa mkekani mbele yako, na kichwa kinaishia kama sentimita 30 juu ya mkeka. Paji la uso haligusi chini. Jambo hili limefika hata kortini: mwaka 2002 mahakama ya shirikisho huko Seattle, Marekani, iliamua kesi ya vijana waliopinga kulazimishwa kuinamia tatami na picha ya Kano mashindanoni. Mahakama ikaona si ibada na kwamba hawakubaguliwa. Kisheria basi limekwisha. Lakini dhamira ya mtu haiamuliwi na jaji wa Seattle. Mzazi akiniambia mwanangu hatainamia picha, namwambia sawa, asimame wima akiwa kimya wakati wenzake wanainama. Picha haitaumia. Kumwinamia mwenzake ndiyo sijadiliani, kwa sababu ile ya shingo niliyoieleza. Mashindano ya kimataifa yana kanuni zake, na huko atazifuata au atakaa nyumbani, aamue mapema.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kusema mengi juu ya senpai na kohai, aliyetangulia na aliyemfuata. Nitasema moja tu, senpai ndiye wa kwanza kushika ufagio.

Ushindi: kwenye kendo, mchezo wa panga wa Kijapani, mtu aliyepata pointi akirusha ngumi hewani kwa furaha, waamuzi wanaweza kuifuta pointi ile. Judo mwaka 1964, katika ukumbi wa Nippon Budokan jijini Tokyo, Anton Geesink wa Uholanzi amembana chini Kaminaga wa Japani mbele ya Wajapani wenzake mpaka muda ukaisha. Waholanzi wakataka kuvamia tatami kushangilia, naye akiwa bado pale chini akanyosha mkono kuwazuia. Mtu ametoka kushinda dhahabu ya Olimpiki, na la kwanza alilofanya ni kumkinga aliyeshindwa.

Kucha zikatwe. Gi lifuliwe kila baada ya zoezi, si kila Jumamosi. Upande wa kushoto ulalie wa kulia, maana Wajapani huwavika kinyume chake maiti. Ndala ziachwe ukingoni mwa tatami, vidole vikitazama nje. Mitihani ya mikanda na ada zake naiacha, itahitaji siku yake na nitakasirika.

Wazazi, hili ndilo niliwaitia. Mkienda kutazama dojo kabla ya kumwandikisha mtoto, msimtazame mwalimu anavyoinamiwa. Kaeni pembeni mngoje mkanda mweusi apangwe na mtoto mpya. Anapomrusha, tazameni mkono wake ulioshika mkono wa gi la mtoto. Kama anauvuta juu ili kichwa kisifike chini, mwandikisheni siku hiyohiyo. Kama anauachia, mchukueni mwanenu mwondoke, wala msiage.