Gitaa Kavu Jukwaani: Usinunue kwa Masikio ya Dukani

Haya, tuanze, maana muda ni mfupi na suala hili nimelisema mara nyingi kiasi kwamba wengine humu mnaweza kunimalizia sentensi. Gitaa linalokuliza dukani ndilo litakalokuaibisha jukwaani. Nazungumzia gitaa kavu lenye pikapu, yaani kifaa kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme, na unapolinunua ili upige na bendi: kuna drams, besi, kinanda, na waimbaji wanne wanaotaka monita iongezwe, ile spika ya jukwaani inayowarudishia sauti zao.

Dukani unafanya nini? Unakaa kwenye kiti, unaliweka pajani, unapiga G moja nzito. Boksi linavuma hadi mbavuni. Unatoa hela. Hapo umeshakosea, kwa sababu mvumo huohuo uliokufungulia pochi ndio utakaorudi usiku kupitia monita, na mara hii hautanyamaza.

Boksi la gitaa ni kama chupa ya soda. Ukipuliza mdomoni mwa chupa inaitika kwa noti moja, yake. Gitaa la dreadnought, lile lenye mabega mapana, hewa ya ndani huitikia karibu na hezi 100, yaani mitikisiko 100 kwa sekunde. Sasa hesabu nami: uzi wa sita, freti ya tatu, ile G, ni hezi 98. Uzi wa tano ukiwa wazi, A, ni hezi 110. Nyimbo ngapi mnapiga kwenye G na A? Halafu mpiga besi akigusa uzi wake wa kwanza ukiwa wazi, hiyo nayo ni G ileile ya hezi 98. Spika ya besi inatikisa boksi lako, pikapu inausikia mtikisiko, inaupeleka kwenye monita, monita inalitikisa boksi zaidi. Hiyo ndiyo fidibaki. Wewe hata uzi hujagusa! Na ubao wa juu nao una noti yake, kwenye hezi 200 hivi, kwa hiyo ukiziba tundu moja panya anatokea la pili.

Fundi mitambo atafanya nini? Atakata hezi 100, atakata 200, gitaa litabaki linalia kama kopo, nanyi mtamsema fundi kwamba hajui kazi. Mwacheni. Tatizo lilitoka dukani.

Najua kuna mzee wangu hapa anawaza, "Mbona zamani magitaa kavu yalisikika vizuri tu?" Yalisikika, sawa. Mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi Katanga, Kongo, mwaka 1952, alipiga mbele ya maiki. Hakuna drams, hakuna monita, hakuna mtu wa besi aliyekunywa chai ya tangawizi na kupandisha sauti. Kwa kazi ile, boksi linalovuma ni baraka. Kama na wewe unapiga peke yako, nenda kanunue lile la kukuliza, sina ugomvi nawe.

Kwa bendi, tafuta boksi jembamba. Chukua Yamaha: FG, lenye boksi nene, lina kina cha milimita 100 hadi 118, APX600, lile jembamba, lina 80 hadi 90. Ukiipiga APX bila umeme sebuleni utasema imekaukiwa. Ndivyo inavyotakiwa! Sauti nzito ya gitaa lako jukwaani haihitajiki, eneo hilo lina wenyewe: gitaa la besi na dramu ya mguu. Kinachotakiwa kwako ni mkwaruzo wa nyuzi na chodi zinazosikika moja moja.

Na plaiwudi, mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja, msiidharau. Wauzaji watawaambia ubao mzima ndiyo mali. Ni kweli, studio. Ubao mzima hutikisika kwa uhuru zaidi, na jukwaani uhuru huo ndio unaoukimbia. Gibson walipotoa J-160E mwaka 1954 waliweka plaiwudi juu, siyo kwa ubahili, bali ili gitaa livumilie amplifaya. John Lennon na George Harrison waliyatumia hayohayo, na hakuna aliyewadai ubao mzima. Charles Kaman, mtengeneza helikopta wa Marekani, alikuja na Ovation yenye mgongo wa mviringo usio wa mbao kabisa. Watu walicheka kwamba linateleza pajani. Linateleza, ndiyo, lakini jukwaani mkanda unalishika. Wa nyuzi za nailoni watazame Godin Multiac ya Kanada, boksi lake ni karibu gumu tupu, lina vyumba vya hewa tu ndani.

Jinsi ya kupima. Kwanza imba "uuu" kwenye tundu la gitaa, ukishusha sauti polepole. Utafika noti ambayo boksi linakuitikia na kutetemeka mikononi. Kariri noti hiyo. Ikiwa ndiyo noti ya nyimbo zenu nyingi, rudisha gitaa ukutani. Pili, omba amplifaya, weka besi, kati na juu katikati pote. Chomeka magitaa mawili kwa zamu, na kabla ya lolote linganisha sauti zao, chodi ileile, nguvu ileile, maana mengine hutoa umeme mwingi kuliko mengine na utalionea lisilo na kosa. Kisha simama mita moja, tundu likiangalia spika, nyuzi usizishike, pandisha sauti hadi livume. Linalochelewa kuvuma ndilo lako. Muuzaji akikukataza, hilo nalo ni jibu.

Kama gitaa unalo tayari, siyo lazima uliuze. Kava ya mpira ya kuziba tundu hupunguza ule mvumo wa hezi 100 kwa pesa kidogo. Kuna pia kitufe cha fezi, kinachogeuza wimbi la sauti juu chini, kwenye priampu, yaani kikuza sauti kidogo cha ndani ya gitaa: likianza kuvuma, kibonyeze, kisha kijaribu tena kila unapohama mahali, kwa sababu kinategemea umbali wako na monita. Wengi wanadhani kimeharibika kwa vile hakibadilishi sauti wakiwa chumbani.

Sasa pikapu, siyo ile ya kubeba mchanga. Nyingi ni piezo, ukanda mwembamba chini ya kile kijifupa cheupe kinachobeba nyuzi. Haisikii hewa sana, inasikia mgandamizo, kwa hiyo inavumilia jukwaa. Ubaya wake: ukipiga kwa nguvu inalia kama bata, tena ya bei rahisi ndiyo zaidi. Punguza kidogo kati ya hezi 1,000 na 3,000. Uzi mmoja ukiwa mnyonge kuliko wenzake, usibadilishe pikapu. Mara nyingi kijifupa hakijakaa sawasawa chini. Kitoe, kisuguliwe upande wa chini juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo hadi kinyooke. Chini, jamani, siyo juu, na kidogo kidogo, maana kila unachosugua kinashusha nyuzi. Pikapu ya sumaku ya kwenye tundu nayo huvumilia kelele, ila nyuzi za nailoni haizisikii kabisa.

Gitaa lenye piezo lakini halina betri, yaani halina priampu, usilichomeke moja kwa moja kwenye miksa. Litasikika jembamba na la mbali, kwa sababu linataka mlango wenye ukinzani wa megaohm 1 au zaidi. Nunua priampu ndogo. Lenye betri, boksi la DI lolote la kawaida, kile kijisanduku cha kuunganisha gitaa na miksa, linatosha, na waya kutoka kwenye gitaa usizidi mita 6.

Naona napungiwa mkono, basi haraka haraka. Betri ya volti 9: priampu huwaka pale unapochomeka jeki, siyo unapopiga. Ukiliacha na waya usiku kucha, kesho betri imekwisha katikati ya ibada. Nyuzi za 11, yaani uzi wa kwanza wenye unene wa inchi 0.011, zinatosha, 12 kama mkono una nguvu. Nafasi kati ya uzi wa sita na freti ya 12, milimita 2.5 hivi. Walio pwani, Tanga, Mombasa, Unguja: unyevu huvimbisha ubao na kuinua nyuzi, msikimbilie kusugua kijifupa, wekeni kwanza gitaa kwenye kasha lililofungwa na pakiti za kunyonya unyevu kwa wiki moja, kisha mpime upya.

La mwisho, mkanda. Kitufe cha nyuma cha kuvishia mkanda mara nyingi ndicho jeki yenyewe, ni kinene, na tundu la mkanda huteleza hapo. Kata pete ya mpira, ivishe juu ya mkanda kabla hujasimama.