Honi ya Basi Pale Buhongwa

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Nashukuru kwa kiti, ila nitasimama, nikikaa nasinzia.

Juzi nilikuwa kando ya barabara pale Buhongwa. Basi likaja mbio, dereva kaibana honi haachii. Linakuja: piiii, sauti nyembamba. Kunipita tu: pooo, ikawa nene. Kijana wa bodaboda akasema, "Honi ya lile basi mbovu, mwalimu." Nikamwambia nzima kabisa. Dereva mwenyewe kasikia mlio ule ule mwanzo mwisho.

Tuhesabu. Tuseme honi inatoa mawimbi 400 kwa sekunde, na katika joto letu sauti husafiri kama mita 345 kwa sekunde. Basi likisimama, mawimbi hayo 400 yanajipanga katika mita 345. Likienda kilomita 72 kwa saa (trafiki hawapo), ndani ya sekunde hiyo limeyafuata mita 20. Sasa 400 yale yale yamebanana katika mita 325 mbele ya basi, na sikio linapokea 425 hivi kwa sekunde. Nyuma yametanuka mita 365, linapokea 378. Mawimbi mengi, sauti nyembamba; machache, sauti nene. Wanakwaya, hiyo ni karibu sawa na kushuka kutoka re hadi do.

Wengi hudhani sauti huzidi kuwa nyembamba kadiri basi linavyosogea. Hapana! Kinachozidi ni ukubwa wake. Wembamba hauzidi. Hubaki pale pale, kisha huporomoka basi linapokupita.

Hesabu hii aliitoa Christian Doppler wa Austria mwaka 1842, akiwaza rangi za nyota. Mwaka 1845 Buys Ballot wa Uholanzi akaijaribu kwa sauti: akapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni, na wanamuziki wengine wakasimama kando ya reli kusikiliza. Ningelipa nauli kuliona jambo lile.

Naam, mzee, nimeona mkono. Anauliza: je, honi ikiwa imesimama, mimi ndiye ninayekwenda? Mzee umevua samaki, jibu unalo. Ukiuelekeza mtumbwi kwenye mawimbi yanayoingia Kirumba, yanagonga omo, mbele ya mtumbwi, haraka haraka. Ukigeuka ukayapa tezi, yaani nyuma, unasubiri mpaka lifike lingine. Na ziwa ni lile lile.