Chini ya chokaa: mbao za Wenhaston

Jamani, walionisikia mwaka jana watanivumilia, hii ya Wenhaston lazima niirudie. Kila nikionyesha picha ya kanisa la zamani la kijijini Uingereza, mawe nje, kuta nyeupe ndani, mtu ananiambia wale wazee walipenda vitu simpo. Si kweli. Si kweli kabisa! Ule weupe ni chokaa, na mara nyingi chokaa yenyewe imepakwa juu ya picha.

Wenhaston ni kijiji cha Suffolk, mashariki mwa Uingereza, kanisa la Mtakatifu Petro. Mwaka 1892 mafundi wanakarabati, kwenye tao la kuelekea altareni wanakuta mbao zimepakwa chokaa, hakuna aliyeziona za maana, wakazing'oa wakazitupa nje makaburini. Usiku ikanyesha mvua. Asubuhi chokaa imechuruzika na Hukumu ya Mwisho inawatazama! Yesu kakaa juu ya upinde wa mvua, Mikaeli anapima roho kwenye mizani, shetani yuko pembeni, jehanamu ni mdomo wa samaki mkubwa, na Petro anapokea mfalme, malkia, askofu na kadinali, wote uchi wa mnyama, mfalme kabaki na taji na askofu na kofia yake basi. Sasa mkulima asiyejua kusoma, misa yenyewe Kilatini, anamwona mfalme uchi kila Jumapili. Hayo ndo mahubiri.

Na muangalie sehemu tupu pale katikati, zina umbo la msalaba na watu wawili. Zilisimama sanamu za mbao, Yesu, Maria na Yohana, picha ikachorwa kuzizunguka. Enzi za mfalme Edward wa 6, Mprotestanti, kuanzia 1547, sanamu zikaamriwa ziondolewe. Picha ikapakwa chokaa, na chini yake ikaandikwa Warumi 13, kila mtu atii mamlaka. Mnaona? Palepale alipokuwa mfalme uchi watu wakaandikiwa wamtii mfalme.

Ataniuliza mtu, si walikuwa wanaondoa ibada ya sanamu? Mimi sibishani na Amri Kumi. Nasema vile vitu vilikuwa vya wanakijiji, walivichangia wenyewe, mtu anakufa anaacha kondoo kwenye wosia kwa ajili ya mshumaa mbele ya mtakatifu wake, parokia inapika pombe inauza ipate hela za kanisa, halafu amri inatoka London na vyote vinakwenda. Hilo ndo linaloniuma.

Muda unaisha, mabenchi na madirisha tuache. Ila kanisa la Ufford, kijiji cha hukohuko Suffolk, siwezi kuliruka. Mfuniko wa birika la ubatizo, zaidi ya mita 5 kwenda juu, mbao ya kuchonga. 1644 anakuja William Dowsing na kazi ya kuvunja sanamu, watu wa kanisa wakamweka nje zaidi ya masaa mawili, hawafungui. Alipoandika habari zake akausifia ule mfuniko, akauacha. Upo mpaka leo, na yule ndege mwari wa kuchongwa juu kabisa anajidonoa kifua.