Nzi wa kinyonga, na soksi yangu

Karibuni, karibuni. Huyu hapa anaitwa Taratibu, kinyonga wa Yemen, mnakiona hicho kilemba chake? Kwetu Tanga, bibi yangu akikutana na kinyonga njiani alikuwa anarudi nyumbani, safari imeishia hapo. Mjukuu wake ndiyo huyu, yuko Leicester, anamfuga sebuleni. Na kabla hamjauliza, Taratibu kazaliwa kwa mfugaji huku huku. Tanzania ilifunga kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, kwa hiyo msinitumie ujumbe wa kutaka wa Usambara.

Leo ni nzi. Hawamtoshi peke yao, panzi na nyenje bado anakula. Ila nyenje ukimtia anakimbilia chini kujificha, nzi anapanda juu kwenye mwanga, na juu ndiko aliko bwana mkubwa. Wa jalalani msimkamatie, hujui kapita kwenye dawa gani.

Tunaanza na funza. Hapa Uingereza maduka ya wavuvi wa ndoano yanauza funza wa chambo. Chukua weupe, waliotiwa rangi nyekundu waache dukani. Wanakuzwa kwa nyama, ndiyo maana funza wenyewe simpi. Nasubiri wawe nzi, kisha hao nzi nawalisha mimi kwanza.

Kopo, maranda makavu, mwaga funza, funika kwa kitambaa. Basi. Hapa kwangu siku nne tano wanaacha kutambaa wanakuwa... sogeza kamera, sogeza, hapo. Kama punje za mchele uliounguzwa. Zinaanza na rangi ya tofali, zinaishia nyeusi. Tia chache kwenye glasi ya maji, changa zinazama, zilizokaribia kutoa nzi zinaelea.

Wataalamu wanaziita pupa, na pupa ndiyo iliyoniponza. Sikilizeni vizuri. Hiki kizimba cha chandarua kina tundu la mkono, na kwenye tundu nimeshonea soksi ndefu niliyoikata vidole. Funga soksi KABLA hujaingiza pupa nyeusi. Mimi nilisema nitafunga baadaye, ngoja kwanza nikapokee wageni. Ilikuwa Idi. Biriani imeandaliwa, nzi wa buluu wanavuma kama bodaboda, mama mkwe anapunga kanga. Funga soksi. Fundo mbili.

Wakishatoka wape sukari, unga wa maziwa, na chavua ya nyuki ukiipata. Maji yatie kwenye sponji, maana ukiyaweka kwenye bakuli bila sponji wanazama wote. Siku mbili wale washibe, kwa sababu nzi mwenye njaa ni ngozi na mabawa tu, utakuwa unampa kinyonga hewa.

Sasa kuwatoa. Mkono ndani ya soksi, umeshika kikombe, kinga juu kwenye kona. Wanapenda kupanda, wataingia wenyewe. Kifuniko. Toa mkono, na... soksi. Funga. Kikombe friji ya kawaida, dakika kama kumi, siyo kwenye barafu. Wakilegea, nyunyiza unga wa kalsiamu, ncha ya kijiko inatosha, zungusha taratibu kama unapeta mchele. Mimi natumia kalsiamu kavu isiyo na vitamini D3, hiyo ya D3 ni mara mojamoja, na Taratibu ana taa yake ya... subiri. Huyu kaamka. Na huyu. Usikate, usikate, acha waone! Ndiyo hivyo, ukiongea sana kikombe kinapata joto. Fungua mlango wa sanduku la Taratibu, haya ingieni, ingieni, funga.

Shhh. Mwangalieni macho. La kushoto linamfuata mmoja, la kulia liko kwangu, ananidai. Sasa la kulia linakuja mbele. Yote mawili mbele, anapima. Mdomo unafunguka kidogo, ncha ya ulimi inachungulia... pa! Mmeona? Ulimi unauzidi mwili wake kwa urefu, ukiacha mkia. Nimemtazama miaka minne sijachoka.

Pupa zilizobaki nazitia friji, zinachelewa kutoa nzi, napata siku kadhaa za kupumua. Nilitia kumi. Kala watano, mmoja jani la juu, wawili kwenye wavu, mmoja kwenye taa yake... tisa. Mama Zuhura! Zima taa ya sebuleni, fungua pazia, atafuata mwanga wa dirishani.