Gari la Umeme Halilali Gereji

Ndugu zangu, asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Wenyeji wetu wa Jinja, asanteni kwa chai na kwa kiti. Nimepewa nusu saa, na mbele yangu naona mafundi ambao mikono yao bado ina grisi, kwa hiyo salamu ndefu tutazimalizia nje.

Ukipeleka gari la petroli linalosumbua pale Kisekka, soko la mafundi na vipuri Kampala, fundi hakuulizi mengi. Anakwambia, "Washa nisikie." Anainamisha kichwa kidogo, muhogo bado uko mdomoni, kisha anatoa hukumu: beringi ya alteneta hiyo, au plagi moja haichomi. Ni elimu ya sikio, na anayeidharau hajawahi kukwama Lugazi usiku wa mvua akaokolewa na mtu wa namna hiyo. Sasa mpelekee Nissan Leaf, gari la umeme. "Washa nisikie." Unabonyeza kitufe, dashibodi inawaka, halafu kimya. "Washa basi, ssebo," yaani bwana. Limeshawaka! Nilimwona fundi mmoja wa siku nyingi akifungua boneti, akachungulia, akaifunga taratibu kama mtu aliyekosea chumba.

Hayo tutayazoea. Sikuja kuwasema mafundi; wanajifunza, na wengine wanajifunza kwa bidii kuliko sisi wenye magari. Jambo langu leo ni moja. Gari la umeme likipelekwa gereji, hatari kubwa iko katika zile siku linazongoja, kabla hata spana haijaligusa. La petroli ukiliacha pale wiki tatu, linalala. La umeme halilali.

Nawapa yaliyonipata. Mwaka juzi gari langu, Leaf, lilianza kugonga mbele upande wa kushoto kila likiingia shimoni, na mashimo ya Kampala sina haja ya kuwaeleza. Zilikuwa bushi tu, vile vipira vya sasupensheni, kazi ya nusu siku, haihusiani kabisa na umeme. Nikalipeleka kwenye gereji moja yenye sakafu ya vigae na binti wa mapokezi mwenye kompyuta. Nilikuwa nimetoka Mukono, chaji imebaki vistari viwili kati ya kumi na viwili. Yule binti akaandika namba ya gari, rangi, simu yangu, na maneno "linagonga mbele". Kwenye fomu yake kulikuwa na ile picha ya kuonyesha mafuta yaliyomo: tupu, robo, nusu, tangi limejaa. Akaipiga mstari. "Hili halinywi mafuta," akasema, akacheka. Nami nikacheka. Kicheko kile kilinigharimu.

Bushi hazikuwepo. Zinatoka Dubai, nikaambiwa. Wiki ikaisha, ya pili ikaisha. Siku ya 23 napigiwa simu: gari limekufa, betri kubwa imekwisha, na bei ya kuweka nyingine ilizidi nusu ya pesa nilizonunulia gari zima. Nikapanda boda boda mbio. Kweli, hata milango haikuitikia rimoti.

Aliyeniambia ukweli ni askari wa getini. Gari lako, mzee, alisema, hapa uani lina jina. Vijana walikuwa wamegundua kwamba kiyoyozi chake kinapuliza baridi bila injini kunguruma, na bosi hasikii kitu. Saa saba mchana wanaingia wanne, kila mmoja na rolex yake mkononi, ile chapati ya mayai, wanapandisha vioo. Siwalaumu sana. Jua la mwezi wa pili mnalijua, na gari halikuandikwa mahali popote kwamba lina kitu kinachoweza kuisha.

Sasa tuingie ndani kidogo. Gari kama hili lina betri mbili. Iko ile kubwa chini ya sakafu, ya lithiamu, volti karibu 360. Na iko ndogo ya volti 12 chini ya boneti, ya risasi na asidi, kama ya Toyota yoyote. Hiyo ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta na kufunga zile relei, swichi za umeme, zinazoiunganisha betri kubwa na gari. Ikiisha, kubwa inaweza kuwa imejaa pomoni na bado gari lisiamke, wala lisikubali kuchajiwa. Taa za onyo zinawaka zote kwa mpigo, halafu giza. Tena Leaf zetu nyingi zimekuja zimeshatumika Japani, na maonyo kwenye kioo ni ya Kijapani. Kwa hiyo aliyeniambia "betri kubwa imekwisha" hakusoma popote, alikisia. Kukisia kwenyewe si dhambi. Kukisia kwa bei ile ndiko kulikonikera.

Tukaomba umeme wa Noah iliyoegeshwa jirani: chanya kwa chanya, hasi kwenye chuma cha bodi. Taa zikarudi. Akatokea kobe, ile alama ya gari linalotambaa na chaji ya mwisho. Usiku ule likachajiwa kwa waya kutoka kibanda cha askari, na asubuhi likaondoka kwa magurudumu yake. Betri ndogo mpya ililetwa na boda boda.

Mngetaka hadithi iishie hapo, hata mimi ningetaka. Lakini ndani ya Leaf ya kWh 24, yaani yuniti 24 za umeme, kuna seli 192, zimeunganishwa mbili mbili kuwa jozi 96, jozi moja nyuma ya nyingine. Ni kama watu 96 wanaopokezana ndoo kutoka kisimani: aliyechoka kuliko wote ndiye anayepanga mwendo wa msafara. Seli ya lithiamu inapenda kukaa kati ya volti 3 na 4 na kitu. Ikishuka mno, shaba iliyomo ndani yake huanza kuyeyuka, na siku ukiichaji tena shaba ile inaweza kuganda pasipo pake na kuleta shoti ndani kwa ndani. Kompyuta ya gari hukata umeme mapema ili tusifike huko. Ila gari lililokwisha kukatwa likiachwa tu uani, seli zinaendelea kupungua polepole zenyewe. Ndiyo maana kitabu cha Leaf chenyewe kinakataza kuliacha gari zaidi ya siku 14 likiwa na chaji sifuri au karibu na sifuri.

Langu liliingia gereji na vistari viwili, likakaa siku 23, na kiyoyozi juu yake. Miezi michache baadaye kilitoweka kistari kimoja cha afya ya betri, vile vidogo vya pembeni kabisa. Cha kwanza kikiondoka, uwezo wa betri umeshapungua kama asilimia 15. Sina ushahidi wa kupeleka mahakamani, na gari lilikuwa na umri wake. Lakini mimi mwenyewe ninajua ninachokiamini.

Basi turudi kwenye ile fomu ya mapokezi, maana dawa yenyewe iko pale na ni bure. Ile picha ya mafuta isipigwe mstari. Iandikwe chaji. Gari likiingia na vistari sita, andika sita, mteja atie sahihi, na likitoka liwe na sita au zaidi. Lithiamu raha yake ni nusu: sifuri inaiumiza, na kujaa kabisa kwa wiki nyingi kwenye joto kunaizeesha. Mwenye gari, usiende gereji na chaji ya kuomba Mungu. Na wewe mwenye gereji, gari likielekea wiki ya pili, mtu apewe kazi ya kulitazama na jina lake liandikwe ukutani, kama anavyoandikwa anayelisha mbwa wa ulinzi.

Acha na waya wako. Leaf ya Japani ina soketi mbili puani, Type 1 ya polepole na CHAdeMO ya haraka, na magari mapya ya Kichina yanakuja na za kwao. Gereji inaweza kuwa na chaja nzuri ukutani na isiingie kwenye gari lako. Uache waya, na uandikwe kwamba umeachwa, maana Kampala nyaya zina miguu. Piga picha dashibodi: kilomita, chaji, vistari vya afya. Mwenye kile kifaa cha kuchomeka chini ya usukani na programu kwenye simu, asome jozi zote 96 gari likiingia, azisome tena likitoka. Kisha akichomoe! Kikisahauliwa pale kinainyonya betri ndogo usiku na mchana. Nimeshuhudia gari lililouawa na kipimo chake.

Ugomvi mwingine ni wa Yaka, ule umeme wa kulipia kabla. Nani analipia umeme? Soketi ya kawaida ya ukutani, volti 240 na ampia 10, inatoa kilowati 2.4. Saa tano ni yuniti 12, nusu ya betri ya Leaf ndogo. Andika yuniti hizo kwenye bili kama unavyoandika oili, hakuna mteja mwenye akili atakayebisha. Gereji yangu ile ilizionea uchungu yuniti 12, ikawa tayari kuniandikia betri nzima. Na hapa nasema nikiwa Jinja, mji wenye bwawa tangu 1954 na kiwanda cha Kiira Motors, kampuni iliyochipuka kutoka gari la umeme la Makerere la mwaka 2011. Bwawa la Karuma nalo, megawati 600, lilizinduliwa 2024. Maji ya Nile yanafanya kazi yake. Kinachotushinda ni kalamu ya mapokezi.

Mafundi, neno moja la usalama, nalo si la mzaha. Ukiona waya wa rangi ya chungwa, mkono mtupu usiende. Volti 360 za betri zinaweza kuua. Glavu ziwe za volti 1000, zisiwe za kuoshea vyombo. Unazima gari, unaondoa betri ndogo, unachomoa ile plagi kubwa ya kukatia iliyo sakafuni katikati ya gari, unangoja dakika kumi umeme uliobaki kwenye vifaa uishe, halafu unapima kabla ya kugusa. Na ile plagi unaiweka mfukoni mwako, usiiache mezani. Ukiiacha mezani, kijana mwenye heri zake ataiona, atasema "kuna kitu kimesahauliwa hapa", na atakurudishia.

Nimemaliza yangu, maswali sasa. Mzee wa kofia pale nyuma. Eeh. Mzee anauliza, gari likimfia njiani katika msitu wa Mabira, je, alivute kwa kamba mpaka gereji kama tulivyozoea?

Hapana, mzee wangu, hiyo kamba isahau. Leaf inavutwa na magurudumu ya mbele, na motokaa hii haina giya ya kuachia kama zile zetu za zamani. Mota imefungamana na magurudumu muda wote. Ukiyaburuza ya mbele barabarani, mota inazunguka na inaweza kuzalisha umeme wakati hakuna anayeuhitaji, na vifaa vya pesa nyingi vikaungua. Tafuta bredauni ya kubeba gari zima mgongoni. Ikikosekana, magurudumu ya mbele yanyanyuliwe, ya nyuma ndiyo yatembee, na breki ya kuegesha iwe imeachiwa. Na mwambie dereva wa bredauni hayo yote kabla hajafunga mnyororo, maana akishaufunga hasikii tena la mtu.