Umeenda Marekani Yote Hiyo Ukawe Mwalimu?

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Swali ni lilelile kila nikiweka video: "Umesomea ndege, halafu unataka ualimu?" Leo nalijibu. Sijaja kutamba wala kulia njaa.

Mnakiona hiki? Fundamentals of Aerodynamics, cha John D. Anderson. Nimenunua cha mtumba, kipya bei ilinishinda. Mgongo nimeufunga soletepu, na aliyekuwa nacho kabla yangu kaandika kwa penseli pembeni, "soma tena". Nimesoma tena mara tatu.

Mzee Anderson alikuwa anaongoza kundi la utafiti wa mwendo unaozidi sauti mara tano, kwenye maabara ya jeshi la majini la Marekani. Mwaka 1973 akaondoka, akaenda Chuo Kikuu cha Maryland kuongoza idara. Mwaka 1978 akatoa Introduction to Flight, 1984 akatoa hiki. Kabla hajakuingiza kwenye hesabu anakuchorea ramani ya sura, ujue unakoelekea. Na historia anaipenda kweli, mpaka alipostaafu chuoni 1999 akaenda makumbusho ya anga ya Smithsonian.

Mimi shuleni nilifundishwa kwamba hewa ya juu ya bawa hukimbia ili ikutane na ya chini kule nyuma. Nikajibu hivyo kwenye mtihani, nikapewa vema. Si kweli! Ya juu inatangulia kufika, haisubiri mwenzake. Ni mzee huyu aliyenifumbua macho, nikiwa mtu mzima.

Sasa la pesa. Kabla hujaomba hata viza ya mwanafunzi, kuna ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wageni, dola 350. Ukimaliza shule, kazi nyingi za roketi na ndege za kivita sheria inawapa hasa raia na wenye green card, yaani kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja. Kampuni moja ilinihoji mara mbili, wakafurahi. Walipouliza uraia, kimya mpaka leo. Hapo nalalamika, andikeni mtakavyo, iliniuma.

Lakini ualimu niliutaka kabla ya hapo. Hiyo ni mimi; wewe mwenye karatasi zako piga hesabu yako.

Nimeanza kuandika maelezo ya bawa kwa Kiswahili, kurasa kumi na moja mpaka sasa. Nimekwama mahali: ukingo wa mbele wa bawa ukiinuka mno, hewa inabanduka mgongoni mwa bawa, ndege inapoteza nguvu ya kunyanyuka. Mafundi wa ndege wa Dar na Nairobi, mkiwa kazini hali hiyo mnaiitaje? Niandikieni hapo chini.