Kabla ya Kumbadilisha Mpigaji

(Mhadhara kwa makocha wa timu za shule na mitaa, Kisumu)

Makocha wenzangu, tangu asubuhi nasikia lalamiko moja tu: mipira ya adhabu inapaa. Mmoja wenu ameshajaribu wapigaji watatu msimu huu, na wote wanapaisha. Sasa, ukibadilisha mtu na kosa likabaki palepale, mwache huyo mtu, katafute kwingine.

Januari 2016 kule Minnesota, katika ile kandanda ya Wamarekani, timu ya huko, Vikings, walikuwa nyuma 10–9 dhidi ya Seattle, imebaki chini ya dakika moja. Mpigaji wao, Blair Walsh, akapiga kutoka yadi 27, umbali ambao kwao ni kama penalti kwetu, mpira ukatoka kushoto. Akasulubiwa, ilhali pointi zote 9 za timu alizifunga yeye! Lakini kwao mpira hushikwa chini na mwenzako, na mshono wenye kamba unatakiwa kutazama goli. Siku hiyo ulimtazama mpigaji. Na baridi ilikuwa nyuzi 21 chini ya sifuri, hebu fikirieni vidole vya mshikaji. Simtetei Walsh, mwenyewe alikiri kosa ni lake. Ila kocha anayemkodolea macho mpigaji peke yake hauoni ule mshono.

Turudi kwetu. Mpira ukipaa, usitazame mguu unaopiga, tazama ule unaobaki chini. Ukikanyaga nyuma sana ya mpira, mwili unalala nyuma, na mpira utakwenda wapi kama si juu? Sasa uliza kwa nini anakanyaga nyuma. Viwanja vyetu mnavijua: mbele ya boksi pamechimbika, mvua ya jioni imepita, njumu zimelika. Kijana anaogopa kuteleza, anaifupisha hatua ya mwisho. Mlete yeyote umtakaye, ataifupisha vilevile.

Mpira wenyewe je? Sheria inataka upepo wa kati ya 0.6 na 1.1 atmosifia. Nani ana kipimo? Naona tunabonyeza kwa kidole gumba tu. Tena ukiujaza hapa, mita 1,100 na ushei, ukapanda nao Nakuru, mita 1,850 hivi, unakuwa mgumu kidogo, na hewa nyepesi ya kule haiupindi kama mlivyozoea.

Kwa hiyo mazoezini, wekeni simu ubavuni mwa mpigaji, usawa wa mpira, irekodi. Mpigaji yuleyule apige kumi pakavu, kumi palipochimbika. Zikipaa zote, hapo sasa mwite kijana mzungumze.